Dawa Hii ni Dawa au ni Chakula?

Katika masuala ambayo wanavyuoni wetu waliyazungumza zamani, na ambayo leo yamerudi mlangoni petu kwa sura mpya, limo suala la ihtikari. Ihtikari, kama ajuavyo kila aliyekaa darasani, ni mtu kununua kitu ambacho watu wana haja nacho, akakizuia ghalani mpaka bei ipande, ndipo akitoe. Kitendo hiki kimekatazwa, na hapana anayebisha. Walilokhitalifiana wanavyuoni ni hili: je, katazo hilo ni la chakula peke yake, au ni la kila kitu ambacho watu watadhurika wakikikosa? Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alisema ni la kila kitu. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii walisema ni la chakula. Na Imamu Ghazali (Mwenyezi Mungu amrehemu), alipofika katika mlango huu ndani ya Ihyaa, alizitaja dawa kwa jina lake. Alisema kuwa katazo haliendi mpaka kwenye dawa, wala zafarani na mfano wake, ijapokuwa ni vitu vinavyoliwa.

Basi mtu aweza kusimama leo akasema: Ikiwa ndivyo, tajiri wa dawa za Ukimwi ana kosa gani? Dawa ni mali yake, ameigharimia. Akitaka ataiuza kwa shilingi, akitaka ataiuza kwa lulu. Maneno haya yanasemwa, tena na watu waliosoma. Nataka tuyatazame kwa utulivu, kwani si maneno ya upuuzi, wala si haki kuyajibu kwa kuwatukana matajiri.

Yatupasa kwanza kuuliza: dawa alizokuwa akizijua Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, zilikuwa dawa gani? Zilikuwa shubiri, habasoda, asali, majani na mizizi. Mtu akiumwa na tumbo hunywa siku tatu akaacha. Asipoipata kwa huyu huipata kwa yule. Na asipoipata kabisa hutumia nyingine badala yake, na mara nyingi hupona kwa kukaa tu. Dawa namna hiyo yafaa kuwekwa fungu moja na zafarani. Chakula sicho hivyo. Chakula huliwa kila siku, hakina badala, na anayekikosa hufa. Tena Imamu mwenyewe aliijenga hukumu juu ya dhara: alisema kuwa chakula kikiwa tele na watu hawana shida nacho, mwenye kukiweka akingoja bei hakuwadhuru watu. Kwa hivyo sababu ya katazo si kule kuwa kitu kinaingia tumboni. Sababu ni dhara.

Sasa tuitazame dawa hii. Virusi vya Ukimwi huingia katika chembe za damu zinazoulinda mwili, vikajizidisha humo. Dawa hizi, ambazo hospitalini huitwa ARV, haziviui vyote. Huvizuia visizidi, na vinavyobaki hujificha. Mgonjwa akimeza kidonge chake kila siku, virusi hupungua mpaka vipimo haviwezi kuviona. Hapo huishi umri wake kama wenziwe, hamwambukizi mkewe wala mumewe, na mama aweza kuzaa mtoto mzima na kumnyonyesha. Akiacha, baada ya wiki chache virusi hurudi damuni. Na akimeza leo akaacha kesho, virusi huizoea dawa, ikawa haimfai tena. Yaani dawa hii haiponyi. Kazi yake ni kumweka mtu hai kutwa kwa kutwa. Na badala haina: si asali, si kombe, si hirizi. Katika Kenya watu zaidi ya milioni moja wanaimeza, na duniani, kwa hesabu ya mwisho wa mwaka 2024, ni watu wapatao milioni 31.6.

Kitu kinachotumiwa kila siku, kisicho na badala, na ambacho anayekikosa hufa, kwa mizani ya mafakihi hakiwezi kuwa zafarani. Mimi naona, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kuwa dawa hii ni dawa kwa jina na ni chakula kwa hukumu. Wala hatukutoka nje ya madhehebu kwa kusema hivyo. Tumeichukua sababu aliyoitaja Imamu na kuiweka mahali pake.

Na ili ijulikane kuwa dhara hii si ya kubuni, tuitazame historia ya bei yenyewe. Dawa ya kwanza, AZT, ilitengenezwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz huko Detroit, Marekani, katika utafiti wa saratani uliolipiwa na fedha za umma. Haikufaa kwa saratani, ikawekwa kando. Mwaka 1987 ilipokubaliwa kwa Ukimwi, kampuni iliyoitoa iliiuza kwa dola baina ya 8,000 na 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 1996 ikajulikana kuwa dawa tatu zikichanganywa pamoja humwinua mgonjwa aliyekuwa akingoja sanda. Bei ya mchanganyiko huo ilikuwa baina ya dola 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Huko Ulaya na Marekani watu wakaanza kuinuka vitandani. Huku kwetu tukaendelea kuchimba makaburi. Novemba 1999 Rais Moi akautangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Dawa ilikuwako ulimwenguni, nasi tulikuwa tukiisikia habari yake tu. Msomaji aliyekuwa mtu mzima miaka hiyo hana haja ya kusimuliwa. Na awakumbuke jirani zake.

Kisha Februari 2001 akatokea Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya Mumbai, akatangaza kuwa yeye atawauzia madaktari wa hisani mchanganyiko ule ule kwa dola 350 kwa mwaka. Dola 350 ni chini ya dola moja kwa siku! Huyu ni mtoto wa Khwaja Abdul Hamied, Mwislamu wa Bara Hindi aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1935. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa sheria ya India ya mwaka 1970 haikumpa mtu haki ya kuimiliki dawa yenyewe, bali njia ya kuitengeneza tu. Mwenye kupata njia nyingine alikuwa huru kuitengeneza. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo makampuni 39 yaliyokuwa yameishitaki serikali ya Afrika Kusini, kwa sababu ya sheria yake ya kutafuta dawa rahisi, yaliiondoa kesi yake kwa aibu. Kenya nayo ikapitisha sheria yake mwaka 2001 ya kuruhusu dawa iliyo rahisi iletwe kutoka nchi nyingine. Bei ikaendelea kushuka. Mwaka 2017 kidonge kimoja chenye dawa tatu, kiitwacho TLD, kiliahidiwa kwa dola 75 kwa mwaka, na mwaka 2023 kikashuka chini ya dola 45.

Ndugu msomaji, zipime hesabu hizi mwenyewe. Kitu kilichouzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kikauzwa kwa 350 na muuzaji akapata faida yake, basi ile bei ya kwanza haikuwa gharama ya kukitengeneza. Ilikuwa bei ya mlango uliofungwa. Na miaka mitano ile, tangu 1996 hata 2001, ndiyo miaka ninayoikusudia ninaposema ihtikari.

Hapa mwenye dawa ana hoja, nayo ni nzito. Husema: Mimi sikuzuia nafaka ya mtu. Nilitumia mali nyingi na miaka mingi kutafuta, na dawa nyingi nilizozijaribu hazikufaa kitu. Kama kila mtu ataruhusiwa kuinakili ile moja iliyofaa, nani atatafuta tena? Ndiyo maana serikali hunipa hataza, yaani haki ya kuwa mimi peke yangu niitengeneze na kuiuza kwa muda wa miaka ishirini.

Kwa upande wetu si kweli kuwa dini haiitambui haki ya mvumbuzi. Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 lilikubali kuwa haki ya mtunzi na ya mvumbuzi ni mali, ina thamani, wala haijuzu kuidhulumu. Kwa hivyo wale wanaosema barazani kuwa makampuni yanyang'anywe tu, na wanyamaze kwanza, kwani siku tutakayovumbua sisi tutataka haki hiyo hiyo. Lakini mali yoyote ina mpaka. Tena tazama tofauti hii. Mwenye ghala wa zamani alizuia nafaka yake mwenyewe. Hakuwazuia jirani zake wasilime. Mwenye hataza huzuia dawa yake, na pamoja na hayo huwazuia wengine wote duniani wasitengeneze mfano wake. Nguvu yake ni kubwa kuliko ya mwenye ghala, na mwenye nguvu kubwa zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi.

Basi mpaka uko wapi? Inajulikana kuwa Mtume (S.A.W.) aliombwa na watu wa Madina awapangie bei, akakataa, kwani mazao yalikuwa machache na wauzaji hawakumdhulumu mtu. Lakini wanavyuoni waliokuja baadaye, na miongoni mwao Ibn Taymiyya, walieleza kuwa watu wakishikwa na haja ya kitu, na wenye nacho wakakataa kukiuza ila kwa bei iliyopita kiasi, mtawala ana haki ya kuwalazimisha wakiuze kwa bei ya mfano wake. Hakusema wanyang'anywe bure. Hivi ndivyo walivyokubaliana mataifa huko Doha mwezi wa Novemba 2001: nchi iliyo na shida ya afya yaweza kuruhusu dawa yenye hataza itengenezwe na mwingine, na mwenye hataza apewe fidia. Nani angedhani kuwa mawaziri wa biashara wa dunia wangekaa Doha wakatoka na jambo lililokuwa katika vitabu vya hisba!

Suala hili halikwisha mwaka 2001. Juni 2025 Marekani ilikubali sindano iitwayo lenakapaviri itumike kumkinga mtu asiambukizwe. Hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini na wa jirani zetu Uganda; na katika 2,134 waliodungwa sindano hiyo, hata mmoja hakuambukizwa. Bei yake Marekani iliandikwa dola 28,218 kwa mwaka. Na Septemba 2025 yalitangazwa mapatano kuwa makampuni ya India yataitengeneza, na tangu mwaka 2027 itauzwa kwa dola 40 kwa mwaka katika nchi 120, Kenya ikiwa mojawapo. Mwenye hataza ametoa idhini mwenyewe.

Je, ni haramu kumwuzia Mmarekani kwa 28,218 kitu anachouziwa Mturkana kwa 40? Mimi sioni hivyo. Mwuza samaki wa bandarini humwuzia mwenye hoteli kwa bei moja na mjane kwa bei nyingine, nasi humsifu. Huyu tajiri amefanya upesi jambo ambalo wenziwe wa mwaka 1996 walilikataa, na haki ni kusema hivyo. Lakini ziko nchi kama Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambazo watu wao walitoa miili yao kujaribiwa sindano hiyo hiyo, na jina la nchi yao halimo katika zile 120. Si matajiri hata waweze kulipa bei ya Marekani, wala si maskini hata wahurumiwe. Hapo ndipo ihtikari ilipo kwa sasa. Mtu aliyechukua mkono wa mwenziwe akajaribia dawa, kisha akamfungia mlango, ana jawabu la kutoa.

Nitaje pia neno linalovuma sana katika baraza zetu, kuwa makampuni wanayo dawa ya kuponya kabisa na wanaificha ili mteja asiondoke. Asili ya dhana hii si mbaya. Ghazali huyo huyo ametaja kuwa watu wema wa zamani walichukia mtu kumtia mwanawe katika kazi ya kuuza sanda, kwa kuwa muuza sanda hutamani watu wafe. Lakini dhana haiwi ushahidi. Kampuni hiyo iliyotoa lenakapaviri ndiyo iliyotoa mwaka 2013 dawa ya kuponya kabisa ugonjwa wa ini uitwao hepatitisi C. Haikuificha, iliiuza kwa dola 1,000 kila kidonge, vidonge 84 kwa dola 84,000. Anayeweza kuuza uponyaji kwa bei hiyo ataufichia nini? Tena mwenye kuuza ARV si muuza sanda. Faida yake imo katika uhai wa mteja: kadiri mgonjwa anavyoishi miaka mingi ndivyo anavyonunua. Ni biashara chache ambazo tamaa ya mfanyabiashara na dua ya mgonjwa huelekea upande mmoja kama hii. Tusiiharibu hoja ya haki kwa uvumi.

Wauza sanda hasa walikuwa wengine, nao walikuwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1990 Wakenya waliambiwa kuwa dawa ya Kemron imepatikana Nairobi; watu wakauza mashamba, na ilipopimwa kwa uangalifu haikuonekana kufaa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda magari kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500 za Tanzania. Wamo walioacha vidonge vyao wakaamini wamepona. Na Waislamu tulikuwamo garini! Dawa ya kweli ikiwa ghali au iko mbali, ya uongo haikosi soko.

Ama mustakabali wa biashara hii, yatupasa tujue nani mnunuzi. Mgonjwa wa Kenya halipi bei ya kidonge. Tangu Mfuko wa Dunia ulipoundwa mwaka 2002, na mpango wa Marekani wa PEPFAR mwaka 2003, sehemu kubwa ya fedha imetoka nje. Tajiri wa India hutengeneza kwa faida ndogo juu ya kidonge kimoja, kwa kutegemea kuwa yuko atakayenunua vidonge vya mamilioni ya watu kwa mara moja. Soko la maskini ni soko la zawadi. Na zawadi ni ya mwenye kutoa: tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na ijapokuwa dawa za kuokoa uhai ziliruhusiwa tena baada ya siku chache, waliokuwa wakizigawa, wakizihesabu na kuwafuata wagonjwa majumbani walikwisha kuambiwa waende zao. Mfanyabiashara akiona mnunuzi wake anatetemeka, hupunguza kutengeneza. Hilo si dhambi, ni hesabu. Dhambi ni ya nchi iliyokaa miaka zaidi ya ishirini ikijua kuwa watu wake wanaishi kwa mkono wa mwingine, isijiwekee akiba.

Wala tusiseme kuwa kuzuia ni kazi ya wageni tu. Januari 2021 shehena ya dawa hizi, zilizotolewa bure, ilifika Kilindini. Ikakaa. Serikali yetu ilitaka ushuru wa shilingi zipatazo milioni 90, na wenye kutoa wakavutana nayo juu ya nani azigawe, kwa kuwa hawakuiamini bohari ya serikali baada ya kashfa za mwaka uliotangulia. Hata mwezi wa Aprili wagonjwa walikuwa wakiandamana barabarani. Waliokuwa wakipewa dawa ya miezi mitatu walipewa ya mwezi mmoja, na wengine ya wiki mbili. Sisi watu wa Mombasa tulikuwa tukipita kando ya bandari ile kila siku tukienda sokoni. Hakuna aliyekuwa akitafuta faida pale, lakini mgonjwa aliyekosa kidonge chake hakuhisi tofauti yoyote baina ya ihtikari ya tajiri na ugomvi wa maofisa.

Na ifikirie dawa ya wiki mbili kwa mtu wa Kapedo. Wasomaji wetu wengi hawapajui. Ni mji mdogo katika mpaka wa Turkana na Baringo, wenye chemchemi za maji ya moto yanayoporomoka jabalini, na kutoka huko mpaka hospitali kuu ya Lodwar ni zaidi ya kilomita 200. Kabila mbili zinaugombania mpaka huo. Usiku wa kuamkia Novemba 2014 askari polisi wapatao 20 waliuawa karibu na hapo, na Januari 2021 akauawa ofisa wa kikosi cha GSU. Kila yanapotokea mambo kama haya njia hufungwa, watu hukimbia, na gari la dawa haliji. Mfugaji anayehama na ngamia wake hawezi kurudi zahanatini kila baada ya wiki mbili. Mpe ya miezi sita ataishi. Mpe ya wiki mbili umemnyima, ijapokuwa umempa bure.

Tena iko njaa. Kidonge cha sasa chaweza kumezwa kabla ya kula au baada yake, lakini anayelala na njaa siku ya pili na ya tatu hukiacha, akaona hakina maana. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, mgao wa chakula katikati ya mwaka 2025 ulishuka chini ya theluthi moja ya mgao kamili. Tulikuwa tukiuliza kama dawa hii ni chakula. Watu wa huko wameletewa suala hilo katika sahani moja.

Yako ya kutia moyo. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alihukumu kuwa sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 haiwezi kutumiwa kuzuia dawa rahisi zilizo halali, baada ya wagonjwa watatu kwenda mahakamani. Na kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu kilipata mwaka 2023 kibali cha Shirika la Afya Duniani kutengeneza TLD, cha kwanza katika Afrika. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua dawa yake ikapelekwa Msumbiji. Bei ya kiwanda chetu yaweza kuzidi kidogo ile ya India, na wako watakaosema tununue iliyo rahisi zaidi. Mimi naona serikali inunue fungu lake hapa hapa, hata kwa kuzidisha kidogo, kwani ghala lililo karibu nawe halifungwi kwa amri ya mtu aliyeko ng'ambo ya bahari.

Nimalizie na barua iliyotufikia kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa pwani, mwenye duka Lodwar. Lori lake hupeleka unga, sukari na majani ya chai mpaka Kapedo, na mara nyingine huombwa lichukue na maboksi ya zahanati. Njia ikiwa ya hatari yeye hupandisha nauli ya kila kitu maradufu. Anauliza: na maboksi ya dawa je, niyatoze vivyo hivyo? Namjibu kuwa gharama aliyoitoa kweli kwa ajili ya hatari, kama ujira wa ziada wa dereva na utingo, au mafuta ya kuzunguka njia ndefu, ni haki yake kuidai, wala hapana wa kumlaumu. Ama ile nyongeza ambayo haina gharama nyuma yake, ila ni kwa kuwa amejua kuwa mwenye zahanati hana lori jingine, hiyo asiichukue katika dawa, kama vile asivyoichukua katika unga. Sukari na majani ya chai ni biashara yake, na afuate soko. Na siku ambayo lori halina nafasi ya vyote viwili, na apakie dawa na unga. Sukari itangoja safari ya pili.